Washenga wanakuja Jumamosi: sinia la vitafunwa la fasta, na kwa nini sambusa zangu hulegea?

#1 Binti Tabata
Wakuu habari zenu. Jumamosi washenga wanaleta barua ya mdogo wangu. Wao wamesema watakuja 12, sisi nyumbani tutafika 13, kwa hiyo nahesabu vichwa 25. Shida yangu ni muda. Natoka kazini saa 7 mchana, mpaka nifike Tabata ni saa 8, na saa 10 wageni wameshavua viatu. Chakula kizito wanapika mama wadogo. Mimi nimekabidhiwa sinia la kutangulia, lile linalotembea na juisi wakati watu bado wanatazamana.

Nataka sinia lililopangika, mtu akiliona ajue tulimtarajia. Lakini nilimalize ndani ya saa moja.

La pili ndilo linaloniuma. Mwaka jana tulikuwa na shughuli ya mtoto wa kaka, nikakaanga sambusa 60 asubuhi, nikazitia kwenye hotpoti, nikafunga. Mchana nafungua, zimelegea kama soksi zilizonyeshewa. Shangazi mmoja akaishika moja kwa ncha, ikajikunja, akaniangalia. Yale macho sijayasahau. Nyama ilikuwa nzuri, manda nilisukuma mwenyewe. Kosa lilikuwa wapi?

#2 Kipopo wa Usiku
Saa 9 na nusu nenda kwa mama wa kona, chukua 60 za moto, panga, nyamaza. Uzi ufungwe.

#3 Mama Kachori
Kosa ni hotpoti, wala usitafute mchawi. Sambusa ya moto inatoa mvuke. Ukiufungia, unapanda kwenye mfuniko, unakuwa maji, yanadondoka yale yale juu ya sambusa. Hotpoti ni ya wali na chapati, vitu vinavyopenda kulainika. Ukiepua, zisimamishe kwenye wavu au chungio, zisilaliane. Zikipoa kabisa ndipo ufunike, tena kwa kitambaa. Na usizitandikie gazeti, mafuta yanaondoka na wino unabaki.

#4 Fundi Manda
Mama Kachori nakuheshimu ila hapo nakataa. Nauza sambusa mwaka wa 9 huu, zangu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na hazilegei. Maji hayatoki juu, yanatoka ndani.

Nyama ya kusaga ina maji mengi. Watu wakiona imebadilika rangi wanaepua. Hapana. Iache mpaka mlio ubadilike: mwanzo inatokota, bwi bwi bwi, halafu inaanza kulia kavu, chrrr. Inamisha sufuria. Kama kuna kitu kinatiririka kwenda pembeni, bado. Ikikauka zima moto, ndipo utie kitunguu na kotmiri, vipate joto la nyama tu. Kitunguu ukikipika humo kitaachia maji yake yote. Halafu usifunge nyama ikiwa ya moto, itafukutia ndani ya manda na kuilowesha kabla hata haijaona mafuta.

Binti, ulifunga ya moto?

#5 Binti Tabata
@Fundi Manda ilikuwa vuguvugu... Nilikuwa na haraka.

#6 Fundi Manda
Ehee.

#7 Karai la Chuma
Wote mmeruka mafuta. Mafuta yakiwa hayajapata moto sambusa haikaangiki, inaoga. Inayanywa, unaepua kitu kizito chenye rangi nzuri, nusu saa baadaye ni tambara. Yakiwa ya moto mno nayo inaungua nje, manda ya ndani mbichi, na ile mbichi ndiyo inayolegeza nzima. Mimi hudondosha kipande cha manda: kikizama kikakaa chini, subiri, kikiibuka taratibu na mapovu madogo, weka. Na usijaze karai. Sambusa 15 kwa mpigo zinayapoza mafuta hata kama yalikuwa sawa.

#8 Mwana wa Makadara
Salaam kutoka Mombasa. Huyu dada ameuliza sinia, nyinyi mmemfungulia kesi ya sambusa. Kwani lazima sambusa? Tia kachri za mihogo. Zimekaangwa juzi, leo bado zalia mdomoni. Ukwaju mzito pembeni, pilipili ya unga na ndimu juu. Hazitaki moto, hazitaki hotpoti, hazitaki wewe.

#9 Kipopo wa Usiku
Kachri ndiyo nini? Kachori?

#10 Mwana wa Makadara
Nyinyi mwaziita krispi za muhogo. Kachori ni kile kidonge cha kiazi, ni kitu chengine kabisa.

#11 Sinia Baridi
Namuunga mkono wa Makadara, na naenda mbali zaidi: saa moja hiyo usiwashe jiko kabisa. Mimi hufanya hivi kila nikipata wageni, na kazi kubwa naimaliza usiku.

Ijumaa usiku: mtindi lita 1, umimine kwenye kitambaa safi cheupe, ufunge, uuning'inize ndani ya friji juu ya bakuli. Asubuhi maji yameshuka, umebaki mzito unaosimama kwenye kijiko. Twangia punje moja ya kitunguu saumu, chumvi, kotmiri. Hicho ni cha kuchovya.

Tende nazo usiku huo huo. Zipasue upande mmoja tu, toa kokwa, usizitenganishe. Korosho zizungushe kwenye kikaango kikavu mpaka jikoni kunukie, ziache zipoe, ingiza nusu korosho kila tende, ibane irudi kama ilivyokuwa. Juu chembe mbili za chumvi na ganda la ndimu lililoparuzwa. Ganda la kijani tu, ukifika kwenye nyeupe ni chungu. Mtu anatazama anaona tende ya kawaida, anauma, anasimama kuongea.

Jumamosi unakata tango, karoti, embe bolibo, nanasi. Mayai ya kware uliyoyachemsha asubuhi unayapasua kati. Zeituni kama mfuko unaruhusu. Dakika 40 imekwisha.

#12 Mpiga Soga
Washenga wametoka Kibaha na barua mkononi, unawawekea karoti na tango. Watadhani mmefuga sungura.

#13 Babu wa Bagamoyo
#12 🤣🤣 Mimi ni mshenga mzoefu, nimeshakwenda nyumba 6. Mwanamume akiona karoti anatafuta nyama iko wapi. Sinia lisilo na kitu cha moto ni matusi madogo.

#14 Sinia Baridi
Babu, hizo nyumba 6 barua ilipokelewa ngapi?

#15 Babu wa Bagamoyo
4. Mbili tuliambiwa turudi na kishika uchumba kinachoeleweka.

#16 Ukumbi na Mapambo
Napamba shughuli, nichangie la mpangilio maana hakuna aliyeligusa.

Sinia la alumini peke yake halipendezi, linaonyesha kila tone la mafuta. Tafuta jani la mgomba. Lipitishe juu ya moto wa gesi polepole, utaona rangi inabadilika mbele ya macho yako, kutoka kijani kilichofifia kuwa kijani cha kung'aa kama limepakwa mafuta. Hapo limekuwa laini, halipasuki ukilikunja. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kata kwa mduara wa sinia.

Bakuli huanza: 3 ndogo, zisikae mstari mmoja wala katikati. Ukwaju, mtindi wa #11, chatne ya nazi. Halafu vitu vikubwa vinaegemea bakuli. Halafu vya kati kwa mafungu, mafungu ya kitu kimoja kimoja, usichanganye kama kachumbari. Mwisho kabisa korosho na matunda yanaziba pengo popote jani linapoonekana sana. Kachri zitie wageni wakiwa mlangoni, zikikaa jirani na nanasi zinanyonya maji.

Na sinia 2 za wastani ni bora kuliko moja kubwa. Moja kwa wanaume barazani, moja kwa akina mama ndani. La sivyo watoto watalimaliza likiwa njiani.

#17 Kipopo wa Usiku
Kwa hiyo vipande vingapi? Watu 25 mara 10 si 250? Hiyo ni biashara sasa.

#18 Ukumbi na Mapambo
#17 10 ni pale ambapo hakuna chakula kinachofuata. Kama pilau liko nyuma, 5 au 6 kwa kichwa zinatosha. 25 × 6 = 150, na humo tende na mayai yamo. Sambusa zenyewe hazizidi 50.

#19 Mzee Maktaba
Nimewasoma kwa utulivu. Niwakumbushe tu kwamba sambusa si chakula cha jana. Ibn Battuta alizila Kilwa alipopita pwani yetu mwaka 1331. Kwa hiyo karne 7 tumezikaanga na bado tunaulizana zinalegea kwa nini.

#20 Mtu wa Muscat
@Mzee Maktaba mwaka umepatia, sufuria umekosea. Sambusa anazisimulia akiwa India, kwenye chakula cha sultani wa Delhi: nyama iliyosagwa na lozi, pistachio, vitunguu na viungo, imefungwa kwenye mkate mwembamba, ikakaangwa kwa samli. Kwenye safari ya pwani, chakula alichokieleza kwa kirefu ni cha Mogadishu: wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, tangawizi na embe. Mombasa anataja ndizi, ndimu, na tunda lenye kokwa kama zeituni, tamu sana, ambalo kwa maelezo yake ni zambarau zetu hizi hizi.

Huku Oman Ramadhani haipiti bila sambusa na hakuna anayezitia kwenye hotpoti. Zinakaangwa adhana ikikaribia.

#21 Mzee Maktaba
Nimekubali kusahihishwa. Lakini achari zipo kwenye rekodi. Binti, weka achari ya embe.

#22 Mwana wa Makadara
Na zambarau!

#23 Mpiga Soga
Zambarau na kanzu nyeupe za washenga. Barua itarudi na rangi ya bluu.

#24 Nesi wa Zamu
Samahani nivunje raha kidogo. Mayai, nyama, mtindi na chochote chenye mayonizi visikae nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, ambalo kwa Dar hiyo si habari, isizidi saa 1. Usitoe vyote mara moja. Sinia moja nje, vya kujazia viko kwenye friji. Niliwahi kwenda kwenye shughuli ambapo saladi ya kuku ilitengenezwa alfajiri ikaliwa alasiri. Usiku ule nilifanya kazi bila malipo sebuleni kwa watu.

#25 Babu wa Bagamoyo
Sisi tulikula kiporo cha pilau maisha yetu yote.

#26 Nesi wa Zamu
Babu, waliokula wakaugua hawapo hapa kwenye uzi kukujibu.

#27 Parachichi Rungwe
Mbona hakuna aliyetaja parachichi? Ponda, weka ndimu, chumvi, pilipili mbuzi. Usitupe kokwa, iache humo humo katikati isiwe nyeusi.

#28 Karai la Chuma
Kokwa inazuia pale ilipolala tu. Linaloleta weusi ni hewa. Ndimu inasaidia, na kukandamizia karatasi ya plastiki juu yake isibaki nafasi. Jaribu: toa kokwa, pale chini kijani, kwingine kote rangi ya udongo.

#29 Parachichi Rungwe
Bibi yangu aliweka kokwa na halikuwa jeusi.

#30 Karai la Chuma
Bibi yako alikuwa na wajukuu wangapi? Halikupata muda.

#31 Mgogo wa Mjini
Nimechelewa. Kuhusu kulegea, nyote mko Pwani ndiyo maana mnabishana. Niko Dodoma. Huku sambusa unaiacha juu ya meza jioni, asubuhi bado inavunjika. Nikija Dar, krispi nilizofungua mchana usiku ni kitambaa. Ni unyevu wa hewa, wala si hotpoti wala nyama. Hewa yenu inakunywesha maji hata ukiwa umesimama.

#32 Fundi Manda
Mimi niko Dar na zangu hazilegei. Nyama kavu, basi.

#33 Mgogo wa Mjini
Umesema zinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwa hiyo hewa haizifikii. Umejijibu mwenyewe mkuu.

#34 Mama Kachori
Na mimi nasema kabla ya kwenda kwenye ndoo anazipoza, hajatuambia tu. Fundi, unazipoza?

#35 Fundi Manda
Nazipoza, mbona hilo ni lazima.

#36 Mama Kachori
Haya. Sina la kuongeza.

#37 Binti Tabata
Asanteni sana. Jana usiku nilifanya jaribio maana mmenichanganya. Nyama niliikausha mpaka ikalia ile chrrr ya #4, nikaiacha ipoe kabisa. Nikakaanga 12, mafuta kwa kipimo cha #7. Sambusa 4 kwenye hotpoti za moto moto, 4 juu ya wavu zikabaki wazi, 4 zikapoa kwanza ndipo nikazifunika kwenye ndoo. Nikaenda kuoga, nikaangalia tamthilia, baada ya saa 2 nikafungua.

Hotpoti: zimelala. Lakini afadhali ya mwaka jana, hii ukiishika haijikunji.
Wavu: juu kavu, pembe laini. Na jana ilinyesha.
Ndoo: ndizo zilizovunjika vizuri kuliko zote.

Sasa nani ameshinda?

#38 Fundi Manda
Ndoo. Nilisema.

#39 Mama Kachori
Zilipoa kwanza. Nilisema.

#40 Mgogo wa Mjini
Za kwenye wavu zimekula hewa ya mvua. Nilisema.

#41 Karai la Chuma
Ulikaanga ngapi kwa mpigo?

#42 Binti Tabata
4 hotpoti, kisha 4 wavu, kisha 4 ndoo. Kwa nini?

#43 Karai la Chuma
Basi mafungu matatu yamepata mafuta ya joto tofauti. La mwisho limekuta mafuta yamekolea. Jaribio halihesabiki.

#44 Mpiga Soga
Hapa mtu ataomba rufaa.

#45 Sinia Baridi
Binti ushauri wa kweli: zifunge mbichi Ijumaa, zipange kwenye sinia la friza zisigusane, zikishaganda zitie kwenye mfuko. Jumamosi kaanga zikiwa bado barafu, usiziyeyushe kwanza, manda italowa. Moto wa kati, kidogo kidogo, na usimame mbali kidogo, zinarusha mafuta. Washenga wanavua viatu, wewe unaepua. Na mimi ndiye niliyesema usiwashe jiko, kwa hiyo ujue nimejishusha.

#46 Ukumbi na Mapambo
Nami nilitaka kusema hilo hilo. Vya baridi vijaze sinia, cha moto kiwe kimoja tu, kifike mwisho.

#47 Binti Tabata
Mrejesho, Jumapili. Samahani kwa ukimya, jana nilichoka.

Foleni ilinikuta, nilifika nyumbani saa 8 na nusu. Jani la mgomba la kwanza nililichoma nikiongea na simu, likatoboka. La pili likatoka vizuri, na kweli linabadilika rangi ukiliangalia, mdogo wangu aliitwa kuja kutazama. Sinia 2 kama alivyosema #16. Bakuli 3 kila moja: ukwaju, mtindi, achari ya embe ya Mzee Maktaba. Tende upande mmoja, mayai ya kware, embe, nanasi, tango kwa ajili ya sungura. Korosho zikaziba mapengo. Kachri nikazimwaga waliposema hodi.

Dakika 50, bila sambusa.

Sambusa 50 nilizikaanga kutoka kwenye friza. Nilikimbilia, nikatia 12 karai moja, mafuta yakapoa kweli, fungu la kwanza likanywa mafuta. Nikalipeleka kwa vijana wa uani. La pili 8, safi.

Kilichoisha kwanza ni tende. Mshenga mkuu alikula 5 nikimwona, alidhani simwoni. Kachri zikafuata. Sambusa zilibaki 9. Parachichi sikuweka, samahani wa Rungwe.

Yule shangazi alikuwepo. Aliishika moja kwa ncha. Ikakaa wima. Hakusema kitu, akala.

#48 Babu wa Bagamoyo
Barua?

#49 Binti Tabata
Imepokelewa. Kishika uchumba wazee wamesema kinaeleweka nusu. Wanarudi mwezi ujao.

#50 Mpiga Soga
Wanarudi kwa ajili ya tende hao.

#51 Mama Kachori
Hongera mwanangu. Hizo 9 uliziweka wapi?

#52 Binti Tabata
Mama kaziweka kwenye hotpoti kabla sijamwona. 😭

#53 Jirani Mpya
Nimesoma uzi wote mara mbili. Mmeuliza hotpoti, moto, kitunguu, mafuta, mvua, Dodoma. Hakuna aliyemuuliza mleta mada ndimu aliikamulia lini. Zile za mwaka jana, uliikamulia nyama ikiwa jikoni ikaukie humo, au baada ya kuepua?

#54 Binti Tabata
Baada ya kuepua. Ndimu 3. Kwani?